Choroko Arobaini na Mbili

Mimi ni Machibya, fundi wa kusuka mota. Mota ikiungua, watu wananiletea kibandani kwangu Igogo, mtaa wa mjini. Natoa nyaya zote zilizoungua, nahesabu mizunguko, halafu nasuka upya kwa waya mpya wa shaba. Shule niliishia darasa la nne. Shule yetu ilikuwa na mwalimu mmoja kwa madarasa manne, na huyo mmoja akahamishwa. Aliyemhamisha hakuleta mwingine. Jina la huyo mkubwa silijui mpaka leo, ila yeye namkumbuka.

Nyumbani kwangu ni ng'ambo ya ziwa, kijijini, mwendo wa nusu saa kwa miguu ukishashuka kivuko pale Kamanga. Jumatatu navuka kwenda mjini kwenye kazi, Ijumaa narudi. Nyuma ya nyumba, upande wa mihogo, kuna kaburi la mke wangu, Bernadetta. Pembeni yake nimeacha nafasi yangu.

Bernadetta alikuwa Mhaya, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri, na kidato cha nne alimaliza. Mwaka wa kwanza wa ndoa alikaa kibandani akaniangalia nikisuka, kisha akaniuliza nimejuaje kwamba waya wa unene huu ndio unaotakiwa. Nikamwambia najua kwa kuona. Akacheka, akasema kwao hata ndizi hawazipimi kwa kuona. Ndipo akanianzisha hesabu, pamoja na kugawanya na nukta zake. Alinifundisha kwamba volti ni nguvu inayosukuma umeme, na ampea ni wingi wa umeme unaopita. Gawanya volti kwa ampea, unapata ukinzani, unaohesabiwa kwa omu, yaani jinsi waya unavyoubania umeme njia. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati, yaani kazi inayofanyika au joto linalotoka. "Mengine yote ni nyongeza," aliniambia. Ilinichukua miaka miwili kuyashika vizuri, na hakuwahi kunipandishia sauti hata mara moja.

Alikufa mwaka juzi kwa shinikizo la damu. Zahanati haikuwa na dawa. Gari la wagonjwa lilikuwepo, limeegeshwa kwenye kivuli, halina mafuta, kwa sababu wiki hiyo wakubwa walikuwa wamelitumia kwenye msafara wao. Nilimbeba kwa baiskeli mpaka kivukoni. Sitaki kuendelea na hilo.

Sasa nieleze habari ya pampu.

Kijijini kwetu kuna kikundi cha akina mama wanaolima mchicha, nyanya na spinachi kando ya ziwa. Mwenyekiti wao ni Odeta, mama mwenye umri kama wangu, mwembamba, mwenye maneno makali. Wana pampu moja ya umeme inayovuta maji ziwani na kuyapandisha kwenye tangi. Zamani mita ya umeme ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye pampu. Ziwa lilipojaa ile miaka ya mvua nyingi, maji yakafika mpaka kwenye nguzo, ikabidi mita ihamishiwe juu kilimani, mbali. Pampu ikabaki chini, kwani haiwezi kuvuta maji ikiwa mbali na maji. Kwa hiyo ulihitajika waya mrefu kutoka mita hadi pampu, na mtendaji wa kijiji, kijana anayeitwa Nathaniel, akausimamia. Waya ukafukiwa ardhini ili ng'ombe wasiukanyage.

Baada ya miezi miwili mota ya pampu ikaungua. Wakanivushia Igogo, nikaisuka, nikairudisha. Wiki ya tatu ikaungua tena. Nikaisuka mara ya pili, waya mpya, vanishi mpya ya kukinga nyaya, nikaijaribu kibandani ikanguruma vizuri kabisa. Siku kumi na nane, imeungua. Hapa nikiri kosa langu. Mara zote mbili sikushuka ziwani kuangalia inakofungwa. Fundi wa kusuka ana kiburi chake. Mota ikitoka mezani kwake ikiwa nzima, basi yeye anaona kazi imekwisha.

Nathaniel akatangaza kwenye mkutano kwamba Machibya anasuka kwa waya chakavu na shaba nzuri anaiuza mjini. Huyu ni kijana mwenye shahada, anatembea na bahasha kwapani, na akisema kitu watu wanadhani kimeandikwa mahali. Nyanya zilikuwa zimeanza kunyauka, na watu wenye hasira hawakawii kuamini. Jambo likapelekwa kwa sungusungu.

Kwa wasiotujua sisi Wasukuma: sungusungu ni ulinzi wa kijiji, lakini pia ni mahakama. Mwizi akithibitika wanaweza kumtenga. Mtu aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto, hachotewi maji. Akifa, hakuna anayeshika jembe kumchimbia kaburi. Kamanda wetu, mzee Masele, alinitumia ujumbe kwamba shauri ni Jumamosi asubuhi, na kwamba yeye binafsi hana neno na mimi, ila kijiji kina neno. Nikaelewa. Nikishindwa, ile nafasi pembeni ya Bernadetta itabaki kichaka, na mimi nitazikwa na manispaa huko mjini kama mtu asiye na kwao.

Nilikuwa na siku nne. Nikaisuka ile mota mara ya tatu, kwa gharama yangu. Nilipokuwa nazitoa nyaya zilizoungua nilizitazama kwa makini. Hazikuungua sehemu moja, kama mota iliyosukwa vibaya inavyoungua. Zilikuwa nyeusi sawasawa, mzunguko mzima, kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Hii ni mota iliyochemshwa polepole kwa sababu inakunywa ampea nyingi kuliko kiasi. Na mota inakunywa hivyo ikiwa volti haziifikii zote. Anayesukuma kitu kizito akiwa na njaa lazima atoke jasho zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kuufikiria ule waya.

Ijumaa jioni nilishuka ziwani kuutazama. Pale kwenye mita waya ulioingia ardhini ulikuwa mnene, mweusi, wa kazi nzito. Pale kwenye pampu waya uliotoka ardhini ulikuwa mnene vilevile. Odeta alinikuta nimechuchumaa hapo. Alisita kunisalimu, kisha akanisalimu, akasema ametumwa na moyo wake na wala si na kikundi. Akaongeza kwamba umeme wa LUKU, huu wa kulipia kabla, siku hizi unaisha haraka mpaka wanashangaa, kama kuna mtu anauchota.

Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi. Waya mnene namna ile, hata ukiwa na urefu wote ule, ukinzani wake haufiki hata omu moja. Macho yalikuwa yananiambia waya ni mzima, na mota ilikuwa inaniambia waya ni mgonjwa. Bernadetta angesema pima kwanza, ubishi baadaye.

Jumamosi watu walijaa pale pampuni. Wanaume walikaa upande mmoja na fimbo zao, akina mama upande wa pili. Masele alikaa kwenye kigoda katikati, mkongwe aliyenyooka, asiyejua kusoma, ambaye hajawahi kudanganywa kuhusu ng'ombe hata mmoja. Nathaniel alisoma mashtaka kutoka kwenye karatasi. Alisema mota iliyosukwa upya haiungui mara mbili kwa miezi miwili bila hila ya fundi. Watu wakatikisa vichwa.

Nikapewa nafasi. Nikasema nimeileta mota, imesukwa upya, na ninaomba iwashwe mbele yao kwa dakika kumi tu. Masele akauliza kwa nini kumi. Nikamjibu ukweli, kwamba kadiri inavyokaa imewashwa inajichemsha, na mwisho itaungua tena. Mtu mmoja nyuma akasema basi nimeshakiri. Wakacheka, na mimi nikaacha wacheke. Ila nikaomba jambo moja: namba zisisomwe na mimi, zisomwe na Odeta, ili asije mtu akasema nimezitunga.

Pampu ikawashwa, maji yakaanza kupanda. Tulianza juu kwenye mita. Nikashika ncha za kipimo changu kwenye vituo, pale waya unapofungwa, Odeta akasoma kwa sauti: mia mbili thelathini. Hizo ni volti, nikawaambia, umeme unaondoka hapa ukiwa na shibe. Tukashuka mteremko wote, kundi zima nyuma yetu, mpaka pampuni. Nikapima kwenye vituo vya mota. Odeta akainama, akatazama, akanitazama mimi, akatazama tena.

"Moja, nane, nane," alisema. "Mia themanini na nane. Machibya, nyingine zimekwenda wapi?"

"Ndiyo shauri lenyewe, mama," nikamjibu.

Nikatoa kipimo cha kubana waya, kile kinachosoma ampea. Kumi na nne. Kwenye kibati cha mota, pale kiwandani walipoandika, imeandikwa ampea kumi. Nikaomba pampu izimwe. Haikuwa imetimiza hata dakika tisa, na ukiiwekea mkono ilikuwa tayari ya moto.

Hapo Nathaniel akasema vipimo ni vyangu, na fundi anaweza kukifanya kipimo kiseme chochote. Akatoa simu aonyeshe kitu kwenye kikokotoo. Masele akamwinulia mkono.

"Simu weka mfukoni, mwanangu," alisema. "Mimi simu siisomi. Na wewe Machibya, karatasi yako pia siisomi. Hiyo hesabu iweke chini, niione."

Sikuwahi kufundisha mtu yeyote. Karibu nami palikuwa na mama mmoja ameanika choroko kwenye turubai. Nikamwomba, nikahesabu punje mbele ya Masele. Mia mbili thelathini toa mia themanini na nane ni arobaini na mbili. Punje arobaini na mbili, nikaziweka kwenye kiganja chake azihesabu na yeye. Akazihesabu mara mbili. Nikawaita watu kumi na wanne, yeyote, wanaume kwa wanawake, wakasimama mstari. Nikawaambia kila mmoja ni ampea moja inayopita kwenye ule waya ardhini, na punje ni volti zilizopotea njiani. Kisha nikamwomba Masele azigawe, moja moja, azunguke mpaka ziishe.

Akagawa. Alifanya polepole, kama anagawa nyama ya mbuzi. Zilipoisha, kila mmoja alikuwa na punje tatu, na hakuna iliyobaki.

"Tatu," alisema Masele.

"Ni omu tatu, kamanda. Ule waya unamtoza kila ampea anayepita ushuru wa volti tatu. Mimi nasema waya mnene kama huu mnaouona hapa hautozi hata moja. Kwa hiyo chini ya ardhi hakuna waya huu. Kuna mwingine."

Minong'ono ikaanza. Nathaniel akasema huo ni uongo wa wazi, waya kila mtu anauona, huku mnene, kule mnene. Nikaokota kijiti, nikapiga hesabu ya pili kwenye mchanga, kubwa ili hata waliosimama nyuma waone. Arobaini na mbili mara kumi na nne. Kumi na nne mara arobaini, mia tano sitini. Kumi na nne mara mbili, ishirini na nane. Jumla mia tano themanini na nane. Hizo ni wati zinazogeuka joto humo ardhini mchana kutwa, nikawaambia, sawa na kuwasha karibu taa sita za zamani, zile za wati mia, halafu ukazifukia. Odeta akasema kwa sauti kwamba sasa amejua LUKU yao inakwenda wapi.

"Chimbeni," nikasema. "Hatua kumi kutoka hapa. Nikiwa mwongo, nitengeni leo hii hii."

Najua nilisema neno kubwa. Lakini sikuwa nabahatisha. Namba haina shemeji wala mkubwa wake, na tatu ilikuwa tatu.

Swichi kuu ikazimwa, vijana wawili wakachimba. Hatua ya nane jembe likaibua utepe mweusi wa gundi uliozungushwa kama bandeji. Ilikuwa kiungio. Upande mmoja waliunga waya mnene. Upande wa pili ulitoka waya mwembamba, ule tunaotumia kufungia taa za nyumbani, na ulikwenda hivyo, mwembamba, kuelekea kilimani. Masele akainuka kwenye kigoda akauinamia. Akaushika. Ulikuwa bado una joto, kama kikombe cha uji. Akamwita Odeta aushike, akamwita na yule aliyecheka nyuma aushike. Kisha akamgeukia Nathaniel, akamwambia aushike na yeye.

Nathaniel aliushika. Kile kiburi cha bahasha kilimtoka pale pale. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba aliandika barua wilayani kuomba waya, akaandika mara tatu. Kilichokuja mwishowe kilitosha waya mwembamba tu. Akaogopa kurudi kwa wananchi na kusema wakubwa wamekataa. Kwa hiyo fundi aliyemleta akaukata ule waya mnene wa zamani vipande viwili, akaweka kimoja juu na kimoja chini ili kuonekane sawa. Nathaniel mwenyewe umeme alikuwa haujui. Alidhani waya ni waya.

Nilimsikiliza nikamhurumia kidogo, kidogo sana. Wakubwa wanamnyima, yeye anaficha, na anayetengwa ni fundi wa darasa la nne. Ndivyo mambo yao yalivyo, yanatelemka kama maji mpaka yamkute aliye chini kabisa.

Masele akasema kwa desturi, aliyemshtaki mwenzake akaonekana kakosea hutoa mbuzi, mshtakiwa achinjiwe, na kijiji nacho kipate kula. Watu wakaitikia. Kisha akaniuliza mimi nasemaje. Nikasimama katikati yao. Tangu Ijumaa nilikuwa nimepita humo njiani kama kivuli, na sasa kila jicho lilikuwa juu yangu, na halikuwa jicho baya. Nikasema mbuzi sitaki. Nataka Nathaniel afungue bahasha yake atoe karatasi na kalamu, aandike barua nyingine wilayani, na maneno nitamtajia mimi.

Akakaa kwenye jiwe. Akaandika. Nilimtajia volti za juu na volti za chini, nikamtajia ampea, nikamtajia omu tatu na wati mia tano themanini na nane. Kila namba nilimwambia imepatikanaje, ili yeyote atakayeisoma huko asiseme ni malalamiko ya wakulima. Mahali pamoja aliniuliza, kwa adabu, "Mzee, wati ni volti kuzidisha ampea au kugawanya?" Nikamwambia kuzidisha. Mwenye shahada aliniuliza, nami nikamjibu, na kijiji kizima kilisikia. Sijawahi kuwa na siku kama hiyo maishani mwangu.

Mwishoni aliandika kwamba tunaomba, kwa heshima na unyenyekevu, tusaidiwe. Odeta alikuwa anasoma juu ya bega lake.

"Hapo pa kuomba futa," nikamwambia. "Andika tunahitaji, halafu taja unene wa waya na urefu."

"Nimalizie na cheo gani chini ya jina lako, mzee?"

"Fundi."

Waya ulikuja baada ya wiki sita. Sijui ni barua au ni aibu iliyouleta, na wala siwashukuru, maana ulikuwa wajibu wao tangu mwanzo. Niliufunga mwenyewe. Siku hiyo tulipima tena: juu mia mbili thelathini, chini mia mbili ishirini na mbili, ampea kumi barabara. Nane kwa kumi ni sifuri nukta nane. Mota ile ile niliyoisuka mara ya tatu bado inafanya kazi, na huu ni mwezi wake wa tisa.

Akina mama wakajinunulia kipimo chao. Wiki iliyopita nilikuwa kibandani nikisubiri vanishi ikauke, simu ikaita. Alikuwa Odeta. Akaniambia asubuhi ile amepima akakuta volti kumi na tano zinapotea njiani badala ya nane, na ampea ni kumi zile zile. Nikaanza kutafuta penseli.

"Acha, nimeshagawa," akasema. "Ni moja na nusu. Waya haujabadilika, kwa hiyo nikajua kuna mahali pamelegea. Nimezima swichi kuu, nimekuta skrubu moja kwenye boksi la juu inacheza. Nimeikaza. Sasa ni nane tena."

Nikamuuliza basi amenipigia kwa sababu gani.

"Nimekupigia ujue," alisema, akakata simu.

Nilikaa na ile simu mkononi muda mrefu, mpaka mteja aliyekuja na feni yake akaniuliza kama nimepata habari mbaya. Nikamwambia hapana, alete hiyo feni tuipime.